Namna ya Kuhudhuria Tamasha la Roki ya Indi kwenye Uwanja wa Wazi

Kabla ya kufikiria mavazi, usafiri au picha, anayekwenda kwenye tamasha la uwanja wa wazi la roki ya indi, yaani roki ya bendi zisizotegemea kampuni kubwa za kurekodi, anapaswa kujua atasimama wapi, kwa sababu mahali hapo ndipo patakapoamua atasikia nini, atachoka kiasi gani, na kama ataweza kutoka pindi atakapotaka kutoka. Wengi hufuata tu mkondo wa watu hadi pale utakapowafikisha, kisha hulalamika kwamba sauti ilikuwa mbaya au kwamba walibanwa usiku kucha.

Mbele kabisa, kwenye uzio wa jukwaa, utawaona wanamuziki kwa karibu na kuhisi besi kifuani, lakini huenda usisikie vizuri maneno ya mwimbaji. Spika kubwa hutundikwa juu, kila upande wa jukwaa, na kuelekezwa kwa umati ulio nyuma yako, ilhali spika za besi huwekwa chini, mbele ya uso wako. Sauti iliyo sawa hupatikana karibu na kibanda cha fundi wa mitambo, ambacho kwa kawaida hukaa katikati ya uwanja, kwa kuwa fundi hupanga gitaa, ngoma na sauti ya mwimbaji kulingana na kile anachokisikia yeye mwenyewe akiwa pale. Nyuma zaidi mambo hubadilika: sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, hivyo aliye umbali wa mita 170 huona fimbo ikigonga ngoma nusu sekunde kabla ya kuusikia mlio wake. Ndiyo maana viwanja vikubwa huwekewa minara ya spika za ziada zinazocheleweshwa kwa makusudi, ili mlio wake ufike pamoja na ule wa jukwaani. Upepo nao huipeperusha sauti, na anayesimama nyuma huisikia ikija na kupotea.

Kwa anayehudhuria mara ya kwanza, ningependekeza sehemu ya mbele lakini pembeni, mbali kidogo na mstari wa katikati. Hapo utawaona wanamuziki vizuri, utarukaruka na wenzako, na bado utakuwa na njia ya kutokea. Ukiona mwili unamudu, sogea katikati taratibu. Kuanzia katikati kisha kutafuta pembeni ni kazi ngumu zaidi.

Sikiliza albamu ya karibuni ya bendi na nyimbo zake zinazojulikana kabla ya siku yenyewe, wala si kwa ajili ya kuimba pekee. Nyimbo nyingi za indi huanza kwa upole, gitaa moja na sauti ya chini, kisha hulipuka ghafla kwenye kiitikio, na umati husukumana mbele kwa wakati huohuo. Anayeujua wimbo huweka miguu tayari, na asiyeujua husukumwa akiwa ameinua simu yake. Fika mapema pia uwasikilize wanaotangulia. Bendi za indi zimekulia kwenye kampuni ndogo za kurekodi na kumbi ndogo, na bendi kuu mara nyingi humwalika mtangulizi ambaye yenyewe inampenda. Kumchukulia kama kelele za kungojea ni hasara ya msikilizaji.

Soma masharti ya tiketi siku moja kabla, hasa kuhusu ukubwa wa mkoba, chupa za maji, na kama utaruhusiwa kuingia tena ukishatoka. Hifadhi tiketi ndani ya simu yenyewe, kwa kuwa mtandao huelemewa watu wanapojazana getini. Vaa viatu vilivyofungwa mbele na ambavyo umeshavizoea, nguo nyepesi unazoweza kuongeza au kupunguza, na uchukue koti la mvua badala ya mwavuli, kwani mwavuli huwaziba walio nyuma na ncha zake ni hatari kwa macho. Vua hereni ndefu na mikufu. Simu na fedha zikae kwenye mfuko wa mbele wenye zipu. Kama mko wengi, kubalianeni mahali pa kukutana penye alama isiyohama, mbali na jukwaa na mbali na geti kuu, na mtaje saa. Ujumbe mfupi wa maandishi mara nyingi hupita hata pale simu za sauti zinapokataa.

Masikio yanastahili uangalifu kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu madhara yake hayaumi wakati yanapotokea na yakikomaa hayatibiki. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaotaka sauti kwenye kumbi na matamasha isizidi wastani wa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 100 kwa kila dakika 15. Hicho ni kikomo cha juu, na hakimaanishi kuwa chini yake kuna usalama wa saa nzima. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini hupendekeza mtu asikae kwenye desibeli 85 kwa zaidi ya saa 8, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda huo upungue kwa nusu. Ukifuata hesabu hiyo, desibeli 100 zinakupa robo saa tu, ilhali onyesho huchukua saa moja na nusu au zaidi. Tumia vizibo vya masikio. Vile vya sponji huviringishwa kwa vidole hadi viwe vyembamba, kisha unavuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, unakiingiza kizibo na kukishikilia hadi kitanuke. Vile vyenye kichujio, vinavyotengenezwa kwa ajili ya wanamuziki, hupunguza sauti bila kuufanya muziki usikike kama unatoka chini ya blanketi. Pamba au karatasi laini havisaidii kitu. Vaa vizibo kabla ya wimbo wa kwanza, usingoje masikio yaanze kulia.

Kula kabla ya kuingia, na unywe maji kidogo kidogo mchana kutwa badala ya kujaza tumbo kwa mkupuo. Pombe huongeza upotevu wa maji mwilini na humfanya mtu asitambue anavyochoka. Ukimwona mwenzako anaongea bila mpangilio au anayumba huku mwili ukiwa wa moto sana, usimngojee apoe mwenyewe. Mtoeni mpelekeni kwa watoa huduma ya kwanza mara moja, mkimmwagia maji njiani.

Kwenye duara la kusukumana, yaani nafasi ambayo mashabiki huifungua katikati ya umati ili warukeruke na kugongana kwa makusudi, kuna adabu ambayo wazoefu huiheshimu: aliyeanguka huinuliwa na wote waliomzunguka, viwiko havitupwi ovyo, na asiyetaka kushiriki haburutwi ndani. Hatari kubwa zaidi iko kwenye msongamano wa kawaida kuliko kwenye duara hilo. Watu wanapozidi watano hivi kwa kila mita moja ya mraba, mtu hawezi tena kuchagua aende wapi, na umati huanza kutembea kama mawimbi. Mwaka 2000, kwenye tamasha la Roskilde nchini Denmark, mashabiki 9 walipoteza maisha kutokana na msongamano wa mbele ya jukwaa wakati bendi ya Pearl Jam ikipiga. Wanaokufa hivyo aghalabu hukosa nafasi ya kupanua kifua ili wavute hewa. Kwa hiyo ukihisi mabega yamebanwa pande zote, ondoka mapema. Kunja mikono mbele ya kifua kama bondia anayejikinga, simama mguu mmoja mbele ya mwingine, nenda na wimbi linapokuja, kisha linapotulia sogea kimshazari kuelekea pembeni. Usiiname kuokota chochote, hata simu. Ukiwa karibu na uzio, wape ishara walinzi wakuvute juu.

Ngurumo ikisikika, radi iko karibu vya kutosha kukufikia. Hema, mti na paa la jukwaa si kinga. Nenda kwenye jengo imara au ndani ya gari lililofungwa, na urudi uwanjani dakika 30 zikishapita tangu ngurumo ya mwisho.

Meza ya fulana na santuri itembelee kabla bendi kuu haijapanda, wakati foleni bado ni fupi, maana kwa bendi ndogo mauzo hayo ni sehemu muhimu ya kipato cha ziara. Onyesho likiisha, usikimbilie geti pamoja na wote. Ngoja umati upungue, unywe maji, na uwatafute wenzako pale mlipokubaliana. Masikio yakiendelea kulia au kusikia kwa uzito, yapumzishe mahali pa kimya bila kuvaa spika za masikioni, na hali hiyo ikidumu zaidi ya siku moja au mbili, mwone daktari.