Kupima moshi wa boila: hatua kwa hatua hadi namba inayosimama kisheria

Napima moshi wa viwandani, zaidi kwenye viwanda vya Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam. Nawaandikia maofisa mazingira wa viwanda ambao kila mwaka hukabidhiwa ripoti ya vipimo, wakaitia sahihi bila kujua wamuulize nini mpimaji. Mfano wangu ni boila, yaani mtambo wa kuchemsha maji kupata mvuke, inayochoma kuni na vumbi la mbao.

Hatua ya 1: Soma kikomo chako kabla ya kuita mpimaji

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 4, inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Viwango vyenyewe vimo kwenye kanuni za ubora wa hewa za 2007, na masharti mengine yako kwenye cheti chako cha mazingira. Nakili mambo matatu: kikomo cha kila kichafuzi, kipimo kilichotumika (mara nyingi miligramu kwa mita ya ujazo), na kiwango rejea cha oksijeni, yaani asilimia ya oksijeni ambayo kila namba hurekebishwa ifuate, ili moshi uliochanganyika na hewa nyingi ulinganishwe na ule wenye hewa kidogo. Hili la tatu ndilo watu huliruka, na ndilo linaloharibu ripoti nyingi.

Hatua ya 2: Toboa tundu mahali panapofaa

Karibu na kona ya bomba moshi huzunguka, na vumbi hujikusanya upande mmoja. Tundu liwe juu ya kona kwa umbali wa vipenyo 8 vya bomba, na chini ya mdomo wa bomba kwa vipenyo 2. Bomba la kipenyo cha nusu mita litahitaji mita 4 juu ya kona na mita 1 chini ya mdomo. Jenga jukwaa lenye kizuizi. Mtu atasimama hapo saa kadhaa juani.

Hatua ya 3: Pima boila ikiwa kazini

Usikubali kupimiwa asubuhi wakati boila inafanya kazi nusu kwa sababu oda ni chache. Andika mvuke unaozalishwa, kuni zinazoingia kwa saa, na unyevu wa kuni. Kuni zilizonyeshewa na mvua za masika zinatoa moshi tofauti kabisa na za Januari.

Hatua ya 4: Vuta moshi kwa mwendo wake

Kwa vumbi, mwendo wa hewa kwenye mdomo wa kifaa lazima ulingane na mwendo wa moshi ndani ya bomba. Ukivuta taratibu mno, chembe nzito zinaingia kwa wingi kupita kiasi na namba inapanda. Ukivuta kwa kasi mno, zinakupita na namba inashuka. Ulinganifu ukiwa kati ya asilimia 90 na 110, kipimo kinakubalika. Mwombe mpimaji akuonyeshe namba hiyo. Asipokuwa nayo, hajapima vumbi.

Hatua ya 5: Rekebisha kwa oksijeni

Hapa nakaa kidogo, maana ndipo udanganyifu unapojificha, hata ule usiokusudiwa.

Tuseme umepata vumbi miligramu 120 na oksijeni asilimia 11. Rejea ikiwa asilimia 6, hesabu ni hii: 120 × (20.9 − 6) ÷ (20.9 − 11), ambapo 20.9 ni asilimia ya oksijeni kwenye hewa ya kawaida. Jibu ni karibu 181.

Sasa tuseme bomba lina ufa na hewa ya nje inaingia. Oksijeni inapanda hadi 16, na vumbi linasomeka 59 tu. Mwenye kiwanda anafurahi. Fanya hesabu ileile: 59 × 14.9 ÷ 4.9. Inarudi karibu palepale, 179. Hewa imeongezeka, lakini vumbi linalowaangukia majirani ni lilelile.

Niliwahi kukuta ufa wa namna hii kwenye kiwanda ambacho ripoti zake za miaka miwili zilikuwa safi. Hakuna aliyeandika oksijeni. Watoto wa nyumba za jirani walikuwa wakikohoa muda wote huo, na hilo bado linaniuma.

Usinakili rejea ya kiwanda kingine. Umoja wa Ulaya, katika agizo lake la 2010 kuhusu uchafuzi wa viwandani, sehemu ya mitambo mikubwa, unatumia asilimia 6 kwa kuni na makaa ya mawe, 3 kwa boila za mafuta na gesi, na 15 kwa mitambo ya kufua umeme kwa gesi ya aina ya Kinyerezi na Ubungo. Fuata iliyo kwenye kanuni na cheti chako.

Hakikisha pia namba imeshageuzwa kuwa ya moshi mkavu, yaani usiohesabiwa mvuke wa maji, wa nyuzi 0. Moshi wa nyuzi 200 umetanuka, kwa hiyo miligramu 100 zilizosomwa humo ni karibu 173 ukiupoza.

Hatua ya 6: Pima na nje ya ukuta

Weka kifaa kimoja upande unakotoka upepo na kingine unakoelekea. Wakati wa kusi moshi wa Vingunguti huelekea Tabata. Wakati wa kaskazi huelekea Yombo. Pima misimu yote miwili.

Hatua ya 7: Ambatanisha karatasi ghafi

Ripoti iende na usomaji wa kila dakika, cheti cha kuthibitisha usahihi wa vifaa, na daftari la kuni la siku hiyo. Nakala moja peleka ofisi ya serikali ya mtaa, ili mkazi anayeuliza kuhusu masizi kwenye nguo zake alizoanika apate pa kuisoma.