Kurudisha baiskeli ya gia ya miaka ya 90 kama ilivyotoka kiwandani (soma hasa pale kwenye siti)

Shemeji kanunua baiskeli ya gia ya mtumba, fremu ya chuma, zambarau iliyopauka, akaja nayo kwangu Kigamboni anataka tuipige rangi iwe mpya. Nikamwambia shem, hiyo rangi ndiyo mali yenyewe, ukipiga sprei umebaki na chuma tu. Baiskeli za aina hii, yaani za milimani, zilianza kutengenezwa kwa wingi mwaka 1981 kampuni ya Specialized walipotoa modeli yao ya Stumpjumper, na mimi ninazozitafuta kwenye mitumba ni za kuanzia hapo mpaka kama 1995, za chuma, zisizo na shokapu. Nimemwelekeza mwanzo mwisho, nikaona niandike kabisa maana nishachoka kurudia.

1. Kabla hujatoa hela
Legeza boliti ya siti, ishike siti kwa mikono miwili uizungushe. Ikigoma, shusha bei au ondoka. Sababu utaiona namba 4.

2. Jua ilizaliwa lini
Vifaa vya zamani vya Shimano (kampuni ya Kijapani ya vifaa vya baiskeli) vina herufi mbili ndogo zimegongwa kwa nyuma, kwenye krenki (mikono inayoshika pedali) ziko upande wa ndani, futa grisi utaziona. Ya kwanza ni mwaka, A ni 1976 halafu unahesabu kwenda mbele, ya pili ni mwezi, A Januari mpaka L Desemba. Ya shemeji ilikuwa PH, yaani Agosti 1991, na kifaa cha Agosti mara nyingi kilifungwa kwenye baiskeli ya toleo la mwaka unaofuata, kwa hiyo tukaanza na katalogi za 1992. Kampuni kubwa nyingi katalogi zao za zamani zimeskaniwa ziko mtandaoni, linganisha rangi na stika utaipata.

Halafu tafuta kilichobadilishwa, maana mafundi wetu wanafunga chochote kilichopo mezani. Hii direla ya nyuma (kile kinachohamisha cheni kwenye gia) ilikuwa ya kwake bado, imeandikwa RD-M550, hiyo ni Deore LX, aina ya vifaa vya Shimano vya miaka hiyo. Ila breki walimwekea V-brake (zile ndefu zinazovutwa na waya wa pembeni), ambazo zimetoka 1996, na mikono ya breki wakaacha ile ya zamani, ambayo inavuta waya kidogo mno kwa V-brake, ndiyo maana alikuwa anabana mpaka mkono unagusa usukani. Zirudi cantilever basi, zile za zamani ambazo waya unazivuta kutoka juu katikati. Na ukinunua mikono mipya ya V-brake ukaifungia cantilever nayo ni kosa, utaona breki ngumu kama jiwe lakini baiskeli haisimami.

3. Bomoa
Piga picha kila kitu. Krenki toa kwa pula (kifaa cha kuivuta itoke), sio nyundo. Ekseli ya katikati, ile inayoshika krenki, kikombe chake cha upande wa cheni kinafunguka kwa kuzungusha kama unakaza, kwenye nyingi za Marekani na Japani iko hivyo. Basi.

4. Nguzo ya siti iliyoganda
Hapa ndipo kwenye kazi. Nguzo ni aluminiamu, fremu ni chuma, katikati kumeingia jasho, mvua na huku kwetu chumvi ya bahari, zinakula kutu mpaka zinashikana kama zimechomelewa. Baiskeli yangu ya kwanza ilinila wiki mbili hapa na nusura niiuze chakavu.

Kosa langu la kwanza lilikuwa moto. Nilipeleka kwa fundi mmoja akaniambia chuma kikipata moto kinaachia, akawasha gesi, rangi ikatoka mapovu na nguzo haikusogea hata kidogo. Baadaye ndio nikaelewa kwamba aluminiamu inatanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo ukipasha unazidi kuibana! Kinachotakiwa ni baridi. Sasa hivi ninavyofanya: geuza fremu miguu juu, mimina oili ya kupenyeza kupitia kwenye tundu la ekseli ya katikati, acha usiku kucha, kesho yake rudia. Halafu isimamishe kawaida, ondoa siti, jaza barafu iliyopondwa na chumvi ndani ya nguzo yenyewe (kama juu imezibwa ifungie barafu kwa nje na kitambaa), subiri robo saa, bana kichwa cha nguzo kwenye jiliwa lililofungwa vizuri mezani na uzungushe FREMU, sio nguzo, maana fremu ndefu inakupa nguvu. Kidogo kulia kidogo kushoto, usilazimishe upande mmoja, mirija inapinda. Ya shemeji ililia kriiik siku ya pili, ikatoka na unga mweupe.

Yangu ilikataa hata hapo, kichwa kikakatika kwenye jiliwa. Zikabaki njia mbili. Moja ni jino la msumeno wa chuma, unalizungushia kitambaa uwe mpini, unakata nguzo kwa ndani kwa urefu mpaka ukaribie chuma, kisha unaikunja na plaizi. Masaa na masaa, na ukipitiliza umekata fremu. Nyingine ni kostiki, ile ile ya kutengenezea sabuni, ambayo inakula aluminiamu na kuacha chuma. Nilitumia hii lakini nisikilize vizuri: toa kila kitu cha aluminiamu kwenye fremu, ziba nguzo kwa juu na kizibo cha mpira, ziba matundu ya boliti za chupa, geuza fremu miguu juu, mimina kupitia tundu la ekseli ya katikati. Kostiki ndiyo inaingia kwenye maji, kamwe maji yasimwagwe juu ya kostiki, italipuka usoni. Fanyia nje, miwani, glavu ndefu, watoto wasiwepo, sigara hapana kwa sababu gesi inayotoka ni haidrojeni na inawaka. Ikidondokea rangi inaila pia. Nilibadilisha mchanganyiko mara nne. Mwisho suuza maji mengi, siki kidogo, suuza tena, kausha, oili ndani.

Kipimo cha nguzo kimegongwa kwenye nguzo yenyewe, 26.8 au 27.2 na kadhalika. Tofauti ya milimita 0.2 ni kubwa, usiweke "inayokaribiana" na kipande cha kopo la soda kama niliyoikuta kwangu. Na safari hii weka grisi!

5. Gololi
Habu (vitovu vya magurudumu) za Shimano za wakati huo: mbele gololi 10 za inchi 3/16 kila upande, nyuma 9 za inchi 1/4. Kariakoo zipo. Nunua mpya zote.

6. Shifta (za kubadilishia gia) zinazobofya hewa
Hazijafa, grisi imegeuka gundi. Usizifungue, kuna springi ndogo utazitafuta chini ya kabati mpaka kesho. Loweka kwenye dizeli, bofya bofya nusu saa, pulizia, oili ya cherehani. Binafsi napenda zile za juu ya usukani za kidole gumba, haziharibiki kirahisi.

7. Rangi na tairi
Sabuni, maji, nta ya gari, mwisho. Tairi hakikisha imeandikwa 559 (kipenyo cha ndani cha tairi kwa milimita), maana ya 26 x 1 3/8 ya baiskeli za kawaida ni 590, nayo inaitwa 26 na muuzaji atakuapia inaingia.

Shemeji jana kaniuliza tena kuhusu ile sprei.