Daktari Unayekuja Uingereza, Jiunge na Chama Kabla ya Kutia Saini

Mitihani ya PLAB (ya madaktari waliosomea nje ya Uingereza), mtihani wa Kiingereza, barua ya mwenendo mwema kutoka baraza la madaktari la nyumbani (isizidi miezi mitatu): hayo mnayajua, nayapita.

Kenya tumezoea mgawanyo: KMPDC hutoa leseni, KMPDU hupigania mishahara, KMA ni ya taaluma. Huku leseni hutolewa na GMC, baraza la madaktari la Uingereza, ila chama cha taaluma na cha wafanyakazi ni kimoja, BMA, kilichoanza mwaka 1832. Kwa hiyo, wazazi na wajomba zetu, kulipa ada ya BMA hakumpi mtoto kazi. Msimuulize mshahara bado.

Sasa mtego. Wengi wetu huajiriwa kwa mkataba uliotungwa na hospitali yenyewe, si ule wa kitaifa ambao BMA huujadili na waajiri. Hospitali iliyoniajiri iliniweka ngazi ya chini kabisa ya mshahara, miaka yangu ya kazi nyumbani ikapuuzwa, na zamu za usiku zikaelezwa kwa mstari mmoja: "kulingana na mahitaji ya idara". Nilipojiunga na chama, mgogoro ulikuwa umeshapamba moto, na kwa kawaida chama hakisimamii kesi iliyotangulia uanachama. Wana haki, nani angelipa ada wakati wa amani?

Narudia: jiunge kwanza, saini baadaye. Barua ya ajira ikifika, usijibu "nimekubali" usiku huohuo. Wapelekee BMA mkataba waukague, ni huduma ya wanachama. Ukiwa umeshasaini, unabaki kubembeleza.

Na Mwingereza ana adabu mno. Atakuambia "tutaliangalia hilo" kwa tabasamu, nawe utoke ofisini ukidhani mmeelewana. Hamjaelewana. Siku hiyohiyo mwandikie barua pepe: "Kama tulivyozungumza, nitalipwa ngazi fulani kuanzia tarehe fulani." Hapo ndipo utaona tabasamu likipungua na majibu yakianza kuja. Mimi naona ni unafiki mdogo, lakini ndivyo mambo yanavyokwenda huku.

Jingine: BMA si wakili wako mgonjwa akikushtaki GMC. Hospitali ya NHS, yaani ya huduma ya afya ya umma, hubeba fidia ya mgonjwa, haikutetei wewe mbele ya GMC. Kwa hilo kuna mashirika ya kutetea madaktari: MDU, MPS na MDDUS. Chagua moja kabla ya zamu ya kwanza.

Ada hizi, pamoja na ya GMC, hupunguziwa kodi. Dai HMRC, mamlaka ya kodi ya huku.