Msimu wa jakaranda ndo huu, jinsi ya kupata wazo la kuchora

Wachoraji wengi wanaoanza wanaangalia video za spring ya Ulaya halafu wanachora tulipu ambazo hawajawahi hata kuzishika, na hapo nje ya geti kuna mti mzima umegeuka zambarau. Nairobi hatuna spring lakini kuanzia mwisho wa Septemba mpaka Novemba hivi tuna jakaranda, na uzuri wake ni kwamba mara nyingi huu mti unapukutisha majani kwanza ndo utoe maua, kwa hivyo unaona matawi meusi na rangi tupu, kijani haikusumbui. Kwa mtu wa brashi hiyo ni zawadi kubwa sana.

Anza kwa kuchagua mti mmoja tu. Si lazima uende Arboretum au State House Road (ukiweza nenda, kuzuri), hata ule wa hapo stejini unatosha. Uupitie tena na tena msimu wote, manake wazo la kuchora haliji ukiangalia mara moja, linakuja siku unagundua leo upande wa kushoto umechanua kuliko juzi ama mvua ya jana imeangusha nusu ya maua na sasa chini kuna rangi kuliko juu. Tembea na kidaftari na penseli, dakika tano zinatosha, andika hata maneno tu pembeni kama "kivuli ni bluu" au "tawi limekatwa".

Saa ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Huku jua la saa sita liko utosini kabisa, rangi zinafifia na vivuli vinakaa chini ya mti tu, kwa hivyo nenda kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi. Na piga picha ya simu ukitaka, lakini usiiamini kwa rangi, simu nyingi zinafanya jakaranda iwe bluu kuliko unavyoiona kwa macho.

Sasa kuchora kwenyewe. Finya macho mpaka maua yapotee yabaki mawingu ya rangi, hayo mawingu ndo unachora kwanza, halafu matundu ya anga katikati yake, na ua moja moja unaweka machache tu mbele mwishoni. Ukianza na ua moja moja utachoka na mti utaonekana umekwama. Ila hayo machache uyajue vizuri, kwa hivyo okota ua moja chini ulichore peke yake: ni kama tarumbeta ndogo, mdomo una ncha tano, ndani kooni ni jeupe jeupe.

Kuhusu zambarau, changanya bluu ya altramarini na majenta. Usitumie nyekundu inayoelekea machungwa, utapata tope. Penye jua ongeza majenta, penye kivuli ongeza bluu. Na ukitaka iwake usiongeze rangi zaidi, weka kitu cha njano karibu, na Nairobi hiyo tunayo bure, ule mstari wa njano wa matatu unaopita chini ya mti! Mimi naona hapo ndo picha inakuwa ya kwetu kabisa, mti na barabara na watu, si maua kwenye chombo.

Ukikwama, Makumbusho ya Taifa hapa Nairobi wana michoro ya Joy Adamson, yule aliyemlea simba jike Elsa, kabla ya simba alikuwa anachora maua ya Kenya, na 1947 Royal Horticultural Society ya Uingereza ilimpa medali ya dhahabu ya Grenfell kwa kazi hiyo. Angalia vile alivyokuwa makini na shina na majani, si petali tu.

Na kama uko Mombasa au Dar usilie na jakaranda, mkrismasi wenu (ule mti wa maua mekundu, flamboyant) unawaka Novemba na Desemba. Huo okota ua uangalie kwa karibu: petali nne ni nyekundu, ya tano imesimama ina madoa meupe na manjano, na wengi wanaisahau hiyo ya tano. Anzia hapo.