Mbio za lami kwa pikipiki ya cc 150: mwongozo kwa anayeanzia Mwanza

Mwanza haina sakiti ya lami. Ndiyo maana wengi wanaotaka kujifunza mbio za pikipiki huku huanzia pabaya: barabara ya Musoma, ukishaipita Kisesa, alfajiri, resi mpaka mwisho. Pale unajifunza kupiga resi tu, na hilo halihitaji mwalimu. Muda wa mzunguko hupotea au hupatikana unapofunga breki na unapokata kona, na mambo hayo mawili unaweza kuyajua vizuri ndani ya uwanja wa mita 80 kwa 40, ukiwa na Boxer au TVS ile ile inayobeba abiria mchana. Injini ndogo hata ni bora kwa kujifunzia: ukipunguza mwendo kupita kiasi kwenye kona, haina nguvu za kukufichia kosa ukitoka.

Hatua ya 1: Uwanja

Tafuta sehemu ya lami au sementi yenye uzio. Maegesho ya malori yanayolala tupu Jumapili yanafaa, na ua wa ghala pia. Chukua ruhusa ya maandishi na mwachie mlinzi nakala, maana ndiye atakayekufungulia geti saa 12 asubuhi. Barabara ya umma si uwanja hata ikiwa tupu, na lami nzuri ya daraja la Kigongo–Busisi isikutie tamaa.

Fanya mazoezi kati ya saa 12 na saa 4 asubuhi. Mchana upepo wa ziwa huanza kuvuma kuja nchi kavu. Hautakuangusha, lakini utakuongezea au kukupunguzia mita kwenye vipimo vya breki, ukabaki hujui kama umeendelea au umesukumwa.

Kabla ya kuwasha, fagia. Mawe ya Mwanza ni graniti, na graniti ikimomonyoka hutoa chenga ngumu zenye ukubwa wa punje ya mchele. Mvua ikinyesha, chenga hizo hushuka mlimani na kutandazwa juu ya lami. Tairi lililolala kwenye kona likizikanyaga, zinaviringika chini yake kama gololi. Fagio la chelewa ndicho kifaa cha kwanza cha mbio huku kwetu, helmeti inafuata. Kama uwanja unapitiwa na magari ya samaki au dagaa, kama ilivyo karibu na Mwaloni Kirumba, tafuta madoa ya maji yaliyokauka. Yana mafuta. Yasugue kwa sabuni ya unga, suuza, subiri pakauke kabisa.

Alama zako ziwe chupa za maji za lita 1.5 zilizokatwa katikati: tumia kitako, tia kiganja kimoja cha mchanga ili upepo usiichukue. Ukiigonga inabonyea. Usiweke jiwe wala tofali. Na usije peke yako: mtu wa pili haendeshi, anashika saa na simu, na anajua swichi ya kuzimia injini iko wapi.

Hatua ya 2: Pikipiki

Anza na upepo wa tairi, asubuhi kabla tairi halijapata joto. Pikipiki nyingi za cc 150 zikiwa na dereva peke yake hutaka PSI 25 mbele na 28 nyuma. Hakikisha kwenye kitabu cha pikipiki yako. Bodaboda nyingi hutembea na 40 nyuma kwa sababu ya mzigo. Ukiingia nayo hivyo kwenye kona bila abiria, tairi linagusa lami kwa upana mdogo na nyuma inakimbia. Lakini pia usishushe chini ya kipimo ukidhani utapata mshiko zaidi. Tairi la tyubu likiwa laini huzunguka kidogo juu ya rimu, tyubu ikafuata, valvu ikang'oka.

Soma umri wa tairi ubavuni: tarakimu 4 za mwisho. 2322 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2022. Tairi la zaidi ya miaka 5 liache kwa ajili ya kazi nyingine, hata kama kashata zake (meno ya tairi) bado ni ndefu. Mpira unakuwa mgumu.

Cheni icheze milimita 25 hivi ukiinyanyua kwa kidole katikati. Ikikazwa mno hujivuta shokapu zinapozama, na beringi za nyuma ndizo zinazolipa. Resi ukiiachia irudi yenyewe hadi mwisho, usukani ukiwa katikati, kushoto na kulia. Isiporudi, usiingie uwanjani. Nyanyua gurudumu la mbele, zungusha usukani polepole: ukihisi "tk" katikati, beringi za shingo zimekula, na pikipiki itakataa kulala taratibu, itaanguka kwa mkupuo. Brekishu zikifika kwenye mshale wa mwisho, badilisha. Unaposafisha ngoma ya breki usipulizie vumbi lake kwa mdomo. Tumia kitambaa chenye maji.

Kisha vua. Vioo, keria, mwavuli na, muhimu kuliko vyote, vyuma vya bampa vilivyochomelewa pembeni. Vua na stendi kubwa. Pikipiki ikilala, hivyo ndivyo vinavyogusa chini kwanza, na chuma kisichokunjika kikigusa lami kinanyanyua tairi la nyuma hewani. Kioo cha taa kibandike utepe wa karatasi wenye gundi ili kisisambae kikivunjika.

Hatua ya 3: Mavazi

Helmeti ya kufunika uso mzima, yenye alama ya kiwango cha usalama cha ECE 22.05 au 22.06 kwenye mkanda. Ukiitikisa, mashavu yako yaende nayo. Jaketi la ngozi unaweza kulipata mitumbani Mlango Mmoja kwa bei ya kawaida. Ngozi iwe na unene usiopungua milimita 1, mshono uwe wa nyuzi mbili begani na kwenye kiwiko. Jaketi la mtindo lenye ngozi nyembamba litakwisha kwenye mita chache za kwanza. Glavu zifunike kifundo cha mkono. Buti zipite kifundo cha mguu, kamba zichomekwe ndani. Jinzi peke yake haitoshi. Weka pedi za magoti chini yake.

Hatua ya 4: Breki kwenye mstari ulionyooka

Panga lango la chupa mbili, kisha chupa moja kila mita 2 kuanzia mita ya 8 hadi ya 20. Ingia langoni kwa kilomita 40 kwa saa. Gurudumu la mbele likipita lango, funga.

Mguu ndio mwalimu mbaya hapa. Anayebeba abiria kila siku amezoea kuanza na breki ya nyuma, na kwa pikipiki yenye mzigo ana hoja: uzito uko nyuma. Ukiwa peke yako, ukifunga breki uzito unahamia mbele, tairi la nyuma linabaki jepesi na linaserereka hata kwa kugusa kidogo. Kazi kubwa ni ya mkono. Ila usinyakue. Vuta kiasi, shokapu za mbele zizame, kisha kaza. Kati ya kuvuta na kukaza ni muda wa kusema "moja". Ukikaza kabla hazijazama, tairi la mbele halijabeba uzito bado, litaserereka. Likifanya hivyo, achia mara moja na uvute upya. Nyuma ikiserereka, tazama mbali mbele na upunguze mguu taratibu.

Bana tangi kwa magoti. Asiyebana hujizuia kwa mikono, mikono ikakakamaa, usukani ukatikisika.

Anayeanza husimama karibu na mita ya 16. Akizoea hufika mita 11 kwa breki ya ngoma iliyo nzima. Piga mara 10, pumzika dakika 10. Ngoma ikipata moto, mkono wa breki utaanza kukaribia usukani na breki itakuwa kama sifongo. Hapo si wakati wa kuvunja rekodi.

Hatua ya 5: Duara

Hatua hii inachosha, na ndiyo inayoharakishwa kuliko zote. Shikilia kamba ya mita 12 katikati ya uwanja, zunguka na chaki, weka chupa 8 nusu mita ndani ya mstari. Sasa endesha juu ya mstari.

Duara hilo lina urefu wa mita 75 na ushee. Ukilimaliza kwa sekunde 11, uko kwenye kilomita 25 kwa saa na pikipiki na mwili kwa pamoja vimelala nyuzi 22 hivi. Ukilimaliza kwa sekunde 9, ni kilomita 30 na nyuzi 30. Kilomita 5 tu zimeongezeka, lakini tairi linadaiwa mshiko wa asilimia 44 zaidi, kwa sababu deni hilo hukua kwa mraba wa mwendo. Ndiyo maana mtu hulalamika kwamba "nilikuwa naenda vizuri, mara ikanitupa". Hakuona tofauti kwenye spidomita, tairi liliiona.

Anza na sekunde 13. Ukimaliza mizunguko 10, kila mmoja bila kupishana na muda huo kwa zaidi ya nusu sekunde, punguza sekunde 1. Kwa mwezi wa kwanza usiende chini ya sekunde 9.

Kuigeuza pikipiki, sukuma mpini wa upande unaotaka kwenda: kushoto, sukuma mpini wa kushoto mbele, polepole. Watu wanafanya hivi kila siku bila kujua. Kujua kunakupa uwezo wa kuifanya kwa kipimo. Macho yaende robo ya duara mbele yako, kidevu kigeuke na macho. Ukiitazama chupa, utaigonga chupa. Resi iwe moja tu, haipandi haishuki. Ukiiachia ghafla katikati, mbele inazama na mstari unabadilika.

Fanya pande zote mbili. Wengi huwa wazito upande wa kulia, kwa kuwa mkono uleule unaosukuma ndio unaoshika resi. Legeza kiwiko, shika mpini kama unavyoshika bisibisi, kwa mshazari.

Hatua ya 6: Kona

Chupa tatu: ya kugeuzia, ya apeksi (pale unapokaribia ukingo wa ndani) na ya kutokea. Ingia ukiwa nje kabisa, gusa ndani, toka nje. Kosa kuu la mwanafunzi ni kugeuka mapema. Kona inaonekana tamu mwanzoni, anafika ndani kabla ya wakati, halafu nusu ya pili inambana na anatupwa nje akiwa amelala. Weka apeksi theluthi mbili ya njia ndani ya kona. Utahisi umechelewa. Sawa, hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Mwanzoni maliza breki zote kabla ya chupa ya kugeuzia. Ukishaweza kupita kona hiyo mara 20 bila kukosa apeksi kwa zaidi ya nusu mita, anza kuingia na breki ya mbele kidogo na kuiachia kadiri pikipiki inavyolala. Tairi lina mshiko wa kiasi fulani tu: unachokitumia kusimama hukikuti tena kwa kugeukia. Breki inapungua, mlalo unaongezeka, kwa mwendo mmoja.

Kuhusu goti kugusa lami: sahau. Kwenye cc 150 kikanyagio kitagusa kwanza. Sogeza nusu ya tako upande wa ndani, peleka kifua na kidevu kwenye kioo cha ndani (pale kilipokuwa), na pikipiki haitahitaji kulala sana kama mwanzo kwa mwendo uleule. Ukisikia kikanyagio kinakwaruza, huo ni mwisho.

Hatua ya 7: Saa na daftari

Tengeneza mzunguko wa sekunde 30 hivi. Piga 20, ondoa 2 za kwanza, kisha toa muda mfupi kutoka mrefu. Kama tofauti inazidi sekunde 1, usitafute mwendo; tafuta ni kona ipi unaiingia tofauti kila mara. Badilisha kitu kimoja kwa siku, uandike: upepo wa tairi, hali ya lami, apeksi imesogezwa mita ngapi. Ukibadili tairi na mstari asubuhi moja, muda ukishuka hutajua ni nani wa kushukuru.

Hatua ya 8: Ukifika kwenye mbio

Bendera zijue usingizini. Njano: hatari mbele, hakuna kupita mtu. Njano yenye mistari myekundu: lami inateleza. Bluu: aliye nyuma yako ni mwepesi na anakaribia kukupita kwa mzunguko mzima, shika mstari wako na umwache. Nyekundu: mbio zimesimamishwa, punguza na urudi kwenye karakana. Nyeusi yenye namba yako: wewe ndiye unayeitwa. Kwenye mstari wa kuanzia, tazama taa, si jirani. Mzunguko wa kwanza tairi ni baridi, na kona ya kwanza ndiyo inayokusanya watu. Pita nje ya msongamano hata kama unapoteza nafasi mbili.

Mazoezi yakiisha, usitoke getini hivyo hivyo. Rudisha vioo, bandua utepe kwenye taa, angalia kama cheni imelegea. Na kabla hujapakia abiria wa kwanza barabara ya Makongoro, rudisha upepo wa nyuma kwenye kipimo cha abiria kilichoandikwa kwenye kitabu.