Kulanti ya gari dogo la zamani: ninavyoichagua na ninavyoibadilisha

"Mama, kulanti ni ya nchi za theluji. Hapa Nairobi maji ya mfereji yanatosha." Hivyo ndivyo fundi wangu wa kwanza alivyoniambia kuhusu kulanti, kile kimiminika cha kupozea injini, ya Toyota Starlet yangu ya 1997, nami nikamwamini kwa miaka mitatu. Mimi hushona nguo Umoja, na gari hili ndilo hunibebea vitambaa kutoka Eastleigh. Jioni moja kwenye foleni ya Jogoo Road, karibu na City Stadium, mshale wa joto ukapanda hadi kwenye nyekundu. Nikazima injini palepale, makondakta wawili wa matatu wakanisaidia kulisukuma kando.

Fundi mwingine alipoifungua pampu ya maji, aliniwekea kiganjani. Mabapa yake yalikuwa yameliwa na kutu hadi yakawa membamba kama wembe, na moja halikuwepo kabisa. Maji yaliyotoka kwenye rejeta, lile tangi la mbele linalopoza maji ya injini, yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Gasketi ya hedi, yaani ya sehemu ya juu ya injini, ilikuwa imeungua. Tangu siku hiyo kulanti ya gari langu naishughulikia mwenyewe.

Ni kweli hapa maji hayagandi. Lakini Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kwenye kimo hicho maji matupu huchemka yakifika takriban nyuzi 94, si 100. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya injini ni shinikizo linaloshikiliwa na kifuniko cha rejeta, pamoja na kulanti yenyewe, ambayo huchelewa kuchemka kuliko maji. Kifuniko changu kimeandikwa 0.9, ndicho kipimo cha shinikizo hilo. Mpira wake ukipasuka au ukikauka, kulanti nzuri namna gani haitakuokoa, kwa hiyo kikague kwanza, maana bei yake ni ndogo.

Jambo la pili ni kutu. Bloku ya injini yangu ni chuma, hedi ni alumini. Metali mbili zikikaa kwenye maji yasiyo na dawa, zinalana. Ukitumia maji ya kisima unaongeza chumvi zake: ule utando mweupe unaouona ndani ya birika ndio unaoziba njia nyembamba za rejeta.

Dukani, usichague kwa rangi. Rangi hutiwa na kiwanda kwa mapenzi yake. Kijani cha huyu si kijani cha yule. Soma nyuma ya mtungi. Tafuta maneno ethilini glaikoli, na uone kama imetengenezwa kwa magari ya Kijapani: hizo kwa kawaida huwa na fosfeti na hazina silikati, zote mbili zikiwa dawa za kuzuia kutu. Za magari ya Ulaya mara nyingi ni kinyume chake. Angalia pia kama ni ile ya kuchanganywa na maji au imechanganywa tayari. Kirinyaga Road utaona mitungi ya bei ya kutupa ambayo ndani yake ni maji ya rangi tu. Mimi huomba nione iliyofunguliwa, nasugua tone moja kati ya vidole. Kulanti halisi huteleza na kunata kidogo. Maji ya rangi hukauka tu.

Ile ya kuchanganywa, mimi huweka nusu kwa nusu na maji yaliyokenekwa (distilled), au yale safi ya kuongezea betri. Hakikisha ni maji, si asidi: kwenye rafu hukaa pamoja. Usiitie bila maji ukidhani utapata nguvu zaidi, kwa sababu peke yake hubeba joto vibaya kuliko mchanganyiko.

Kubadilisha mimi hufanya asubuhi, injini ikiwa imelala usiku kucha. Kifuniko hakifunguliwi injini ikiwa moto, hata kwa kitambaa kinene. Mvuke ule hutoka na maji yake usoni. Weka karai chini, fungua plagi iliyo chini ya rejeta, kisha kifuniko. Yakiisha kutoka rudisha plagi, jaza maji safi, washa injini na hita kwenye joto la juu, iache ipate moto, izime, ipoe kabisa, umwage. Rudia hadi yanayotoka yawe safi kama yalivyoingia. Yangu yalitaka mara tano. Hapo jaza mchanganyiko polepole huku ukiminya paipu ya juu ili hewa itoke. Washa injini kifuniko kikiwa wazi, ongeza kadiri kina kinavyoshuka, na subiri hadi feni iwake yenyewe. Hewa iliyobaki ndani huchemsha gari sawa na ukosefu wa maji.

Fundi akikuambia aitoe thamostati, kile kilango kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, kwa sababu "hii ni Afrika", mkatalie. Yangu ilikuwa imetolewa bila kuulizwa. Asubuhi za Julai injini ilikuwa ikichelewa kupata moto, na ilikunywa petroli kupita kiasi. Nilirudisha mpya ya nyuzi 82, na sasa mshale hupanda mpaka chini kidogo ya katikati, unatulia hapo.

Kulanti ya zamani iliyomwagwa ni tamu, na ni sumu inayoua figo. Mbwa huilamba, mtoto anaweza kuinywa. Usiimwage mtaroni, wala usiiweke kwenye chupa ya soda hata kwa dakika moja. Ifunge kwenye jerikeni, uandike SUMU, uiweke juu.

Kulanti za kawaida hudumu miaka 2 au kilomita 40,000. Zile za muda mrefu hudumu zaidi, fuata mtungi. Usichanganye aina mbili. Kila Jumapili asubuhi natazama chupa ya akiba ya kulanti iliyounganishwa na rejeta. Ikishuka mara mbili mfululizo kuna mahali panavuja: napitisha mkono chini ya pampu, naangalia mazulia ya mbele kama yameloa, kisha nafungua kifuniko cha oili. Nikikuta povu la rangi ya maziwa hapo, huenda kulanti inaingia kwenye oili, na gari haliendi Eastleigh siku hiyo.