Somo: mkiachana, korti inampa nani mtoto?

Haya jameni, hili swali naulizwa kila wiki basi leo tulimalize. Kitu cha kwanza, korti ya Uganda haitafuti nani alimkosea mwenzake, inatafuta mtoto atakaa vizuri wapi, ndo Sheria ya Watoto inavyosema.

Hatua ya 1: anzia kwa LC wan, yaani mwenyekiti wa kijiji, au ofisa wa probesheni wa wilaya, yule wa ustawi wa jamii, anawaita wote wawili mkae chini, mkielewana mnaandikishana mnasaini.

Hatua ya 2: mkishindwana, fungua kesi korti ya familia na watoto. Hapo ofisa wa probesheni anaweza kutumwa hadi nyumbani aone mtoto analala wapi, anakula nini, ukienda kazini anabaki na nani, na ripoti yake hakimu anaisoma vizuri sana kwa hivyo usiazime sofa ya jirani siku hiyo, mtoto mwenyewe atasema hii si yetu.

Hatua ya 3: ushahidi, na hapa ndo wengi wanaharibu, mtu anakuja na meseji za mchepuko kurasa ishirini lakini hajui hata mtoto yuko darasa la ngapi! Leta risiti za ada ya shule, kadi ya chanjo, vitabu vya kliniki, mwalimu anayekujua. Hakimu anapima umri, afya, shule, kuhamishwa kutamuumiza vipi, na kama mtoto ana akili ya kutosha anaulizwa anataka nini.

MASWALI

Mama wa Busia: mume anasema mtoto akifika miaka 7 ni wa ukoo wake, kweli?
Dada, hiyo ni mila, sheria haijaandika hivyo popote.

Mimi ni boda, mwenzangu ana duka kubwa, si nishashindwa?
Hapana kaka, pesa haziamui peke yake. Unaweza kupewa mtoto na yeye akaamriwa kutoa matumizi.

Hatukuoana, tulikaa tu.
Bado nyote ni wazazi. Baba akikana, korti inaamua hilo la uzazi kwanza.

Amenizuia kumwona mtoto, niache kutuma pesa?
Usithubutu! Endelea kutuma kwa simu, meseji zote ziweke, halafu omba korti ikupangie siku za kumwona. Na kama unaogopa mtoto anapigwa huko, usingoje tarehe ya kesi, piga Sauti 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure.